Hivi nani kawapa ruhusa ya kujaza programu kwenye kompyuta za watu?

Wakuu, nina hasira, na nitaandika nikiwa nazo hivi hivi.

Kuna kompyuta ya mezani ya nyumbani, ile ya zamani yenye Windows 7 ambayo kila mtu kwenye familia kaichezea. Imekuwa nzito hadi kufungua faili moja la maandishi ni shughuli. (Najua Microsoft waliacha kuitunza Windows 7 Januari 2020, msinianze.) Nikasema ngoja nipitie programu zilizomo, nisizozijua nizitoe. Kazi ndogo, eti. Thubutu!

Orodha inashuka tu, na majina mengi hayamwambii mtu chochote. Kuna Microsoft Visual C++ 2005, 2008, 2010, nyingine zimejirudia, ya biti 32 na ya biti 64. Asiyejua atadhani takataka, afute, kesho programu ya mahesabu haifunguki. Hizo ni vipande ambavyo programu nyingine huvitegemea ili zifunguke, ziacheni. Bonjour nayo isiwatishe, ni ya Apple, huingia pamoja na iTunes. Sasa katikati ya hao wastaarabu yamejikalia madude: moja linajiita kiongeza kasi, jingine kisafisha rejista, jingine msaidizi wa manunuzi. Alama ya ngao ya kijani, jina la heshima kabisa, ukiangalia safu ya mtengenezaji, patupu. Hawa watu wanajua wanachofanya. Wanataka uogope kuligusa.

Nikapanga orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Ukiona programu kadhaa zimeingia siku moja na unayoitambua ni moja tu, mlango walioingilia ndio huo. (Si kila mara, maana programu ikijisasisha tarehe nayo hubadilika.) Hapa mlango ulikuwa programu ya bure ya kusomea PDF. Mtu kaitaka hiyo tu, imekuja kama mgeni uliyemwalika peke yake akatua na ukoo mzima. Kumbe kwenye kusakinisha kuna visanduku vimeshatiwa tiki tayari, na huvioni mpaka uchague "maalumu", ambayo wameipaka rangi ya kijivu ili udhani imezimwa. Ukibonyeza ile ya "haraka, inapendekezwa", wanasema umekubali. Nimekubali nini, na lini?

Kuitoa sasa mojawapo ya hizo zilizodandia! Kidirisha kinafunguka, kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa "Endelea kulindwa". Pa kuondolea ni kamstari ka maandishi membamba chini kabisa, hata si kitufe. Ukikabonyeza, unaulizwa kwa nini unaondoka. Ukijibu, kivinjari kinakufungulia ukurasa wa kukubembeleza. Haya, imetoka. Unawasha kompyuta upya, hiyo hapo, imerudi! Nikaenda kwenye kipanga kazi cha Windows nikakuta imeacha agizo lake humo: kila mtu akiingia, ishushwe tena kutoka intaneti. Programu halali inahitaji agizo la namna hiyo la nini?

Na kivinjari kiliendelea kufungua ukurasa wa utafutaji wa ajabu ajabu, ingawa mipangilio yote ilikuwa safi. Nimehangaika nayo hiyo. Mwisho nikabonyeza kulia ikoni ya kivinjari pale kwenye eneokazi, nikafungua sifa zake, nikaisoma njia ya programu hadi mwisho. Baada ya .exe wamebandika anwani ya tovuti yao! Yaani kivinjari chenyewe hakina shida, wamechafua njia ya mkato. Kaangalieni za kwenu.

Na msidhani ni wahuni wa vichochoroni tu. Mwaka 2005 CD za muziki za Sony BMG zilikutwa zinasakinisha programu iliyojificha ndani ya Windows, kiasi kwamba faili lolote lenye jina linaloanza na $sys$ lilikuwa halionekani. Mwaka 2015 ikagundulika baadhi ya laptopu za Lenovo zilitoka kiwandani na Superfish, kazi yake kupachika matangazo kwenye kurasa unazofungua. Mtu kanunua kitu kipya, na mdudu yumo tayari.

Wale wa "piga Windows upya mkuu", nimewaona mnakuja. Hiyo programu ya mahesabu niliyoitaja CD yake haipo tena, na mnunuzi ana haki ya kubaki na mashine yake bila kuivunjavunja kwa sababu ya uchafu wa mtu mwingine.

Limebaki dude moja. Limeshatoka kwenye orodha, agizo lake nimelifuta, ila folda yake ndani ya AppData (folda iliyofichwa ambamo programu huweka vitu vyake) inagoma kufutika, inasema faili linatumika na programu nyingine. Hata kwenye hali salama (Safe Mode, Windows ikiwashwa na vitu vya lazima tu) inagoma. Mwenye kujua namna ya kulipata linalolishikilia hilo faili, tafadhali aseme hatua kwa hatua. Na asinitumie "programu nzuri ya bure" ya kuifutia!