Bildi inapita, podi inawaka, ila brauza inanipa 404 (Tomcat ndani ya OpenShift)

Mpwa_wa_Kilosa (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu.

Nina programu ya wavuti ya Java inayotunza mikopo ya wanachama wa SACCOS. Ni WAR ya kawaida (faili moja lililofunga programu nzima): serveleti (klasi za Java zinazojibu maombi ya brauza), JSP (kurasa zenye msimbo wa Java), Maven ya kubildi, Spring hakuna. Miaka yote imekaa kwenye seva yenye Tomcat 9 (programu inayoendesha WAR), WAR nainakili kwa mkono na maisha yanaendelea. Sasa ofisi imeamua kila kitu kihamie OpenShift (jukwaa la kuendesha programu ndani ya kontena), na WAR za kubeba kwenye flash hawazitaki tena. Wanataka jukwaa lichukue msimbo kutoka Git, libildi lenyewe na lipandishe hewani lenyewe.

Nimetumia S2I (Source-to-Image, njia ya OpenShift ya kugeuza msimbo kuwa imeji, yaani kifurushi cha kuwashia kontena). Nimepiga `oc new-app`, nikaipa anwani ya Git na imeji ya JBoss Web Server 6 (Tomcat ya Red Hat). Logi ya bildi inaishia BUILD SUCCESS, podi (kontena la programu likiwa hewani) inaonyesha Running. Nikifungua anwani, 404. Logi ya podi ni safi, hakuna hata mstari mmoja wa kosa.

Tatizo ni route (anwani ya nje inayopeleka maombi kwenye podi)? Au niachane na S2I niandike Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga imeji)? Mwenye uelewa anisaidie, Jumatatu natakiwa kuionyesha.

chai_ya_rangi

Ngoja wajuzi waje. Nimekaa pale.

Mzee wa Logi

Mkuu, kabla ya kuisingizia route: hiyo 404 ni ya nani? Route ikikosa podi ya kupelekea maombi, OpenShift inakupa ukurasa wake wenye "Application is not available", na hiyo ni 503. Ukiona 404 yenye chapa ya Apache Tomcat kwa chini, ujue ombi limefika mpaka kwa Tomcat. Route haina kesi.

Ingia ndani kwa `oc rsh`, kisha `find / -name '*.war' 2>/dev/null`. Tupe jina la faili.

Mpwa_wa_Kilosa

Ni ya Tomcat kweli. Faili linaitwa `mikopo-1.4.war`.

Mzee wa Logi

Basi programu yako haipo kwenye `/`, ipo kwenye `/mikopo-1.4/`. Tomcat huchukua jina la WAR na kuligeuza kuwa njia. Kwenye pom.xml (faili la mipangilio la Maven), ndani ya `<build>`, weka `<finalName>ROOT</finalName>`, sukuma Git, kisha `oc start-build mikopo --follow`.

Mpwa_wa_Kilosa

Asante mkuu, tumesogea. Ukurasa wa mwanzo (index.jsp) umefunguka. Ila nikibonyeza Ingia, `/ingia` inarudisha 404 ileile. Hiyo ni serveleti yenye `@WebServlet("/ingia")`, na kwenye laptop yangu inapiga kazi bila shida.

BintiSalome

Kaka, laptop yako ina Tomcat 9, sivyo? Imeji uliyochagua ina Tomcat 10.1. Fungua hiyo serveleti, nina uhakika juu kabisa kuna `import javax.servlet...`.

Oracle walipokabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation, jina la javax halikwenda nayo kwa uhuru wote, hivyo Jakarta EE 9 ya mwaka 2020 ikahamisha vifurushi vyote kwenda `jakarta`. Tomcat 10 inatafuta `jakarta.servlet.annotation.WebServlet`. Ya kwako ya javax inaipita kama haioni. Haikupi kosa lolote kwa sababu kwake hiyo si serveleti, ni klasi tu kama klasi nyingine. JSP inafunguka kwa sababu Tomcat inaikompaili yenyewe hapohapo.

BUILD SUCCESS isikupe moyo sana. Maven ilikompaili kwa API ya javax uliyoitaja wewe kwenye pom, haina habari ni Tomcat gani itaendesha hiyo WAR. Tena imeji hizi kwa kawaida hubildi na `-DskipTests`, kwa hiyo hata majaribio yako hayakuguswa.

Ukitaka kuwahi Jumatatu, tumia imeji ya JBoss Web Server 5, ina Tomcat 9. Ukitaka kumaliza kabisa, badili `javax.servlet` kuwa `jakarta.servlet`, na kwenye pom weka `jakarta.servlet-api` 6.0.0, scope `provided` (maana yake Tomcat ndiyo inaileta). Usifanye tafuta-na-badili ya kila javax! `javax.sql` na `javax.naming` ni za Java yenyewe, zinabaki zilivyo.

Nguru_Mkavu

Mnajisumbua. Dockerfile ya hatua mbili, ya kwanza Maven, ya pili Tomcat, unajua kila kilichomo. S2I ni sanduku la giza.

BintiSalome

@Nguru_Mkavu kwenye Dockerfile angeandika `FROM tomcat:10.1` na angekutana na 404 hiyohiyo. Ukiijua S2I ina skripti mbili tu za maana, `assemble` ya kubildi na `run` ya kuwasha, giza lote linaisha. Ila nakubali, siku akihitaji kuongeza vitu vya mfumo wa uendeshaji, Dockerfile itamfaa zaidi.

Mpwa_wa_Kilosa

Dada ubarikiwe, nimebadili kwenda jakarta na watu wanaingia. Sasa limeibuka lingine: wakifungua ripoti ya mikopo watu kadhaa kwa pamoja, podi inakufa. `oc describe pod` inasema OOMKilled (imeuawa kwa kuzidi memori), Exit Code 137. Kikomo cha memori ni 512Mi, CATALINA_OPTS (mipangilio ya Java kwa Tomcat) ni `-Xmx512m` kama seva ya zamani.

Mzee wa Logi

137 ni 128 kujumlisha 9, yaani kerneli imeua mchakato kwa SIGKILL. Na hesabu yako inaeleza kwa nini. Xmx ni kikomo cha heap peke yake (memori ya data ya programu). Nje ya heap kuna metaspace (taarifa za klasi), kuna stack ya kila thread, kuna msimbo uliokompailiwa na JIT (kikompaila cha Java wakati programu inaendeshwa). Ukiipa heap chumba chote, hivyo vingine vitalala wapi? Shusha Xmx iwe kama 300m, au pandisha kikomo kiwe 1Gi. Ripoti ikiwa nzito, mimi ningepandisha kikomo.

Halafu swali: picha za vitambulisho vya wanachama unazihifadhi wapi?

Mpwa_wa_Kilosa

`/opt/mikopo/picha`. Mbona unaniogopesha?

Mzee wa Logi

OpenShift huendesha kontena kwa UID (namba ya mtumiaji) ya kubahatisha, siyo root, ila iko kwenye kundi 0. Folda hiyo utapata Permission denied. Na hata ukiipatia ruhusa, podi ikifa picha zinakwenda nayo. Omba PVC (diski ya kudumu iliyo nje ya podi), uiunganishe kwenye njia hiyohiyo, msimbo usiguse.

BintiSalome

Na PVC ikiwa ReadWriteOnce (inaunganishwa na nodi, yaani mashine, moja tu kwa wakati), badili strategy ya Deployment iwe Recreate (podi ya zamani izimwe kwanza ndipo mpya iwashwe). La sivyo toleo jipya likipangiwa nodi nyingine, podi mpya itakwama inasubiri diski ambayo ya zamani bado imeishikilia.