Corolla 110: betri ya pili inakufa ndani ya mwaka, taa ya betri inawaka hafifu. Ninunue alteneta?

MamaTumu_Korogwe

Habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela tena.

Gari ni Toyota Corolla 110 ya 1998, injini ya 5A, gia za mkono. Lilikuwa la marehemu baba. Mimi nafanya kazi zahanati hapa Korogwe, na Ijumaa jioni napanda Lushoto kwa mama. Injini haina tatizo lolote, haili oili wala haichemshi hata kwenye ule mlima wa kutoka Mombo.

Shida ni umeme. Mwezi wa tatu mwaka jana betri ilikufa. Ilikuwa ya siku nyingi, sikushangaa, nikanunua mpya. Mwezi wa kumi na moja nayo ikaanza kugoma asubuhi, nageuza ufunguo nasikia ta-ta-ta tu. Fundi akasema nimeuziwa betri mbovu. Nikanunua nyingine, laki moja na themanini. Hii ina miezi mitatu, na wiki iliyopita nimesukumwa mara mbili.

Ijumaa ndiyo nimeogopa kweli. Nilitoka Mombo giza linaingia, mvua inanyesha. Nimewasha taa, waipa, na feni ya kupuliza kioo kwa sababu ya ukungu. Kabla sijafika Soni taa za mbele zikageuka njano kama kibatari, waipa zinajikokota. Nikikanyaga mafuta zinapata uhai kidogo. Kwenye dashibodi ile alama nyekundu ya betri inawaka, ila hafifu mno, lazima uikinge kwa kiganja ndio uione. Tukiwa kwenye kona, upande wa bondeni, gari likazima lote. Hata taa za tahadhari hazikuwaka. Nyuma nilikuwa na binti yangu wa miaka sita. Waliotusaidia ni vijana wa gari la mboga lililokuwa linashuka. Mmoja alisimama nyuma yetu kwenye mvua akimulika tochi ya simu mpaka mwenzake akapata nyaya za kushtulia. Mungu awabariki.

Sasa fundi wa kwanza anasema betri tena. Wa pili anasema alteneta, ile inayochaji betri, imekufa, ataniagizia yuzdi (iliyotumika) kutoka Dar kwa laki moja na sabini bila ufundi. Hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Nimsikilize nani?

Dereva_Moro

Pole sana dada, na hongera kwa kutulia na mtoto pale. Mimi ni teksi Morogoro, nina 110 kama yako. Njia rahisi: washa gari, legeza kichwa kimoja cha betri ukichomoe likiwa linaunguruma. Likizima ujue alteneta haichaji. Yuzdi usiogope, yangu nimefunga 2021 na inapiga kazi kila siku.

FundiUmeme_Tanga

Kaka wa Morogoro, nakuheshimu, lakini hilo la kuchomoa betri naomba lisifanywe na mtu yeyote anayesoma hapa. Alteneta ikiwa inasukuma umeme na ghafla betri haipo, volti zinaruka juu papo hapo. Zikiruka zinaua daiodi, vile vipande ndani ya alteneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na kwenye injini za EFI (zinazopulizia mafuta kwa kompyuta) kama hiyo zinaweza kuua na kompyuta ya gari. Enzi za kabureta tulifanya hivyo na magari mengi yakapona. Kwa hili la mama huyu ni kucheza na kitu ambacho bei yake ni kubwa kuliko alteneta yenyewe.

Mwanangu, pole. Nimefunga umeme wa magari tangu 1984, na kesi yako naijua. Betri ni mtungi, alteneta ndiyo inayoujaza. Umebadilisha mtungi mara mbili na hakuna aliyekwenda kutazama bomba. Betri isiyojazwa inafanya chumvi nyeupe kwenye sahani zake za ndani, na ikikaa hivyo miezi, hata ukiichaji haibebi tena. Naamini ile uliyonunua mwezi wa tatu hukuuziwa mbovu. Iliharibikia kwako.

Hesabu ya Ijumaa ni hii. Taa mbili za wati 55 zinakula kama ampea 9. Feni ikiwa mwisho inaweza kufika 15, waipa 4 au 5, injini na pampu ya mafuta kama 10. Hiyo inakaribia 40, na betri yako ni ya saizi ya ampea-saa 45, tena haikuwa imejaa. Saa nzima haifiki. Ndiyo maana mchana unafika Lushoto salama na usiku wa mvua ukazima.

Nunua mita ya kupimia umeme, ya namba, hata ile ya elfu kumi na tano. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Fanya haya kwa utaratibu:

Asubuhi kabla hujawasha, pima kwenye vichwa vya betri. 12.6 imejaa, 12.2 iko kama nusu, chini ya 12 haina kitu.

Washa, pima ikiwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, halafu mtu akanyage mpaka mzunguko elfu mbili kwa dakika. Inatakiwa kati ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15 zima, hapo kidhibiti cha volti kimekufa kwa upande mwingine na kitachemsha betri.

Sasa washa taa kubwa, feni mwisho na waipa, pima tena. Isishuke chini ya 13 kwenye elfu mbili.

Mzigo huo ukiwa bado umewaka, weka waya mwekundu wa mita kwenye ile nati kubwa nyuma ya alteneta, na mweusi kwenye chanya ya betri. Isomeke 0.2 au 0.3 basi. Kisha mmoja kwenye bodi ya alteneta, mwingine kwenye hasi ya betri, hivyo hivyo. Ikisoma zaidi, umeme unapotelea njiani kwenye waya, na alteneta utaisingizia bure.

Mwisho, endesha nusu saa lichemke, urudie yote. Hili mafundi wengi hawalifanyi. Wanapima likiwa baridi, wanasema nzima.

Angalia kanga au mikono isikaribie mkanda unaozungusha alteneta.

Mkulima_Same

Mkanda je? Wangu ulikuwa umelegea, ukipiga kelele asubuhi na ukiwasha taa. Ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili ukizama zaidi ya sentimita moja, kaza kwanza. Mimi nilikaza na tatizo likaisha, sikununua kitu.

MamaTumu_Korogwe

Shikamoo fundi. Asanteni wote. Mkanda niliutazama, hauna nyufa na umekaza. Jirani yangu mwalimu wa fizikia kanisaidia kushika mita. Tumepata hivi:

Asubuhi 12.1.
Baridi, sailensa 13.6, elfu mbili 13.9. Hapo nilikata tamaa, nikadhani kila kitu kizima.
Baridi na mzigo, 13.1.
Kutoka nati ya alteneta mpaka chanya ya betri 0.2. Lakini bodi ya alteneta mpaka hasi ya betri, 0.7.
Baada ya kwenda Mombo na kurudi: sailensa 12.4, elfu mbili 12.5, na mzigo 11.9. Taa nyekundu imerudi, hafifu vilevile.

Mwalimu akagonga mgongo wa alteneta na mpini wa spana, taratibu. Taa ikazima na mita ikapanda 13.8! Baada ya dakika mbili ikashuka tena.

FundiUmeme_Tanga

Marahaba mwanangu. Huyo mwalimu mpe chai.

Kwanza, 0.7 upande wa hasi: waya wa athi kutoka betri kwenda kwenye bodi na injini umeota kutu. Fungua nati zake, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, kaza. Ni kazi ya nusu saa, hailipiwi hela ya maana.

Pili, hiyo ya kugonga ikaamka ni kaboni. Ndani ya alteneta kuna vipande viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi vikagusane na pete za shaba za rota, ile sehemu inayozunguka. Ndivyo vinavyopeleka umeme mdogo wa kuamsha sumaku. Vikiwa vipya vinatokeza kama milimita 10 na nusu. Vikifika milimita 1.5 kitabu cha Toyota kinasema badilisha. Vikiisha, springi haina nguvu tena ya kuvisukuma, joto na mtikisiko vinavifanya viguse na kuachia, na ndiyo sababu baridi unapata 13.9 na moto 12.4. Gari la miaka hiyo, kaboni za kiwandani, si ajabu hata kidogo.

Kwa hiyo yuzdi usinunue kwanza. Kaka wa Morogoro alibahatika, nafurahi. Lakini alteneta ya yuzdi imetoka kwenye gari la umri kama la kwako, na kaboni zake zimekula kilomita ambazo hakuna anayezijua. Utalipa laki na sabini kununua ugonjwa uleule. Na zile mpya za maboksi ya rangi zisizo na jina, nyingi nimezirudia ndani ya mwaka. Yako ni ya Kijapani, ina shaba ya kutosha. Itengeneze.

Nenda kwa fundi wa kufungua alteneta, si wa kubadilisha tu. Mwambie unataka kukaa pale ukiona. Akifungua, aangalie pete za shaba kama zina mfereji, azungushe beringi zote mbili kwa kidole kusikiliza kama zinakwaruza, na apime daiodi zote. Hasi ya betri itolewe KABLA spana haijagusa ile nati kubwa, maana nati ile ina moto wa betri muda wote.

Hii betri yako ya sasa iokoe. Ichajiwe taratibu usiku kucha kwa mashine, si kwa alteneta. Kuitwika alteneta mbovu kazi ya kujaza betri iliyoisha umeme ndiyo kuimaliza.

Na kama italazimika kulitembeza kabla ya hapo: mchana tu, feni zima, redio zima, likishawaka usilizime mpaka ufike.

Dereva_Moro

Fundi nimekusoma, sichomoi tena. Naomba swali: zile daiodi mtu wa kawaida anazijuaje?

FundiUmeme_Tanga

Ukiegesha jioni betri nzima na asubuhi imekufa bila kuacha taa, shuku daiodi, inavujisha umeme kurudi nyuma. Unaweza pia kuweka mita kwenye volti za AC gari likiwa linaunguruma, ikizidi nusu volti si nzuri. Ila mita nyingine za bei rahisi hudanganya kwenye kipimo hicho, usiamue kwa hicho peke yake.

MamaTumu_Korogwe

Narudi na majibu, wiki mbili baadaye.

Nimekwenda Tanga mjini Jumamosi, nikakaa kwenye kigoda mpaka mwisho. Kaboni moja ilikuwa imebaki kama punje ya mchele, nyingine imekwama kwa vumbi jeusi. Pete za shaba zilikuwa na mfereji mdogo, akazisugua kwa msasa laini. Beringi ya nyuma ilikuwa inakwaruza, tukabadilisha. Daiodi zote nzima. Kaboni, beringi na ufundi, elfu arobaini na tano. Waya wa athi nimesugua mwenyewe na mwalimu, sasa inasoma 0.1.

Likiwa moto, elfu mbili, taa na feni na waipa zimewaka zote: 14.0.

Nimenunua kimita kidogo cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Jana nimepanda Lushoto na mvua ilinikuta palepale kwenye ile kona. Namba ilisimama 13.9. Binti yangu alikuwa anaisoma kwa sauti njia nzima mpaka Soni.

FundiUmeme_Tanga

Alhamdulillahi. Mkanda ulilegezwa kutoa alteneta, kwa hiyo baada ya wiki moja ubonyeze tena uone kama haujalegea. Msalimie mama Lushoto.