Toba ya mbele ya usharika kabla ya Pasaka: iendelee au ikome?

MTOA HOJA

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwaresma ikishafika katikati, sharika nyingi za Kilutheri za kwetu huanza kuandaa orodha ya wanaorudi kundini. Hawa ni washarika waliozuiwa kushiriki Chakula cha Bwana kwa kosa lililojulikana: aliyezaa nje ya ndoa, walioanza kuishi pamoja kabla ya kufunga ndoa, na mengine ya namna hiyo. Wanatamani kushiriki Alhamisi Kuu, au Pasaka yenyewe. Ili waruhusiwe, wanaitwa mbele ibada ikiendelea, majina yanasomwa, pengine na kosa linatajwa, wanapiga magoti watu wote wakiwatazama, ndipo mchungaji anawatangazia ondoleo la dhambi. Hoja yangu ni kwamba utaratibu huu ukome. Mtu atubu kwa mchungaji wake, apokee ondoleo, aje mezani.

Sisemi nidhamu ya kanisa ifutwe. Nasema tumeipindua. Someni Mathayo 18 kuanzia mstari wa 15. Ndugu yako akikukosa, unamwendea mkiwa wawili peke yenu. Akikusikia, mambo yameisha hapo. Asiposikia, unachukua mmoja au wawili. Kanisa linaambiwa mwishoni kabisa, na linaambiwa habari za yule aliyekataa kusikia. Sisi tunafanya kinyume: aliyekataa anakaa kwake wala hasumbuliwi, na aliyesikia, aliyekwisha kulia mbele za Mungu, ndiye tunayemsimamisha mbele za watu.

Vitabu vyetu vya imani vinafuata mpango uleule wa Mathayo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, makala ya 11, linasema ondoleo la dhambi la faraghani lidumishwe. Katekisimo Ndogo ya 1529 inafundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili: tunaungama dhambi, kisha tunapokea ondoleo kutoka kwa mchungaji kana kwamba ni kutoka kwa Mungu mwenyewe. Makala za Smalkald za 1537 zinakubali kumzuia mtu asishiriki sakramenti, ila zinamtaja mwenye dhambi ya dhahiri aliye mkaidi, mpaka atakapoiacha dhambi yake. Dada anayekuja ibadani kila Jumapili, anayesali kwenye jumuiya, aliyemwendea mchungaji mwenyewe kuomba arudishwe, ukaidi wake uko wapi?

Halafu kuna jambo tunalolijua sote na hatulisemi. Wanaopiga magoti pale mbele wengi wao ni wanawake. Mimba haifichiki. Baba wa mtoto anaweza kuwa anaimba besi kwenye kwaya siku hiyohiyo, na hakuna aliyemwuliza neno. Yule mwanamke wa Yohana 8, aliyefumaniwa akizini, aliletwa peke yake, wakati Torati, Walawi 20:10, iliwataja wote wawili.

Makanisa ya Kilutheri ya Ulaya yaliwahi kuwa na toba ya namna hii. Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, iliifuta kwa makosa ya uasherati mwaka 1746, Denmark na Norway mwaka 1767. Huko Prussia sababu mojawapo inatisha: ilionekana kwamba mabinti walikuwa wakiua vichanga vyao kwa kuogopa aibu ya kusimamishwa kanisani. Utaratibu unaoweza kumfikisha mama mahali hapo hauwezi kuitwa uchungaji.

Karibuni tujadili. Naomba tusitaje usharika wa mtu wala jina la mtu.

MZEE WA KANISA

Mwanangu, amani ya Bwana iwe nawe. Nimekusoma mpaka mwisho na nimefurahi kwamba umefungua Biblia na vitabu vyetu. Lakini sikubaliani nawe.

Dhambi iliyotendwa watu wakaiona imejeruhi watu wengi, si mmoja. Paulo anamwambia Timotheo awakemee wadumuo kutenda dhambi mbele ya wote, ili na wengine waogope (1 Timotheo 5:20). Na Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri ambaye unategemea vitabu vyake, aliporudi mjini Wittenberg kutoka ngome ya Wartburg alikojificha, mwaka 1522, alihubiri siku nane mfululizo kuanzia Jumapili ya kwanza ya Kwaresma. Siku ya nane alizungumzia maungamo. Alisikitika kwamba utaratibu wa Mathayo 18 umepotea kanisani, akawaambia watu wa Wittenberg kwamba hapo ndipo walipopaswa kuweka bidii yao, si kwenye mambo waliyokuwa wakiyapigania.

Hao waliofuta kule Ulaya walikuwa wafalme. Mfalme hana ofisi ya funguo, yaani mamlaka ya kufunga na kufungua dhambi.

Na kuna faida ambayo hukuitaja. Mtu akishapokelewa mbele ya usharika mzima, maneno yanaisha. Atakayeendelea kumsema huko kisimani na sokoni, sisi wazee tunaye wa kumkemea, kwa sababu kanisa lilisikia ondoleo kwa masikio yake. Ukimrudisha kimya kimya, watu watamwona mezani na kuulizana, huyu amerudi lini? Huo mnong'ono ndio utakaomuumiza.

MAMA WA JUMUIYA

Shikamoo mzee. Naomba nami niseme, kwa kuwa nimepita humo.

Nilisimama mbele nikiwa na mtoto mgongoni. Sitasema wapi. Kusimama kuliniumiza, ndiyo, mtoa hoja yuko sahihi, na mwenzangu tuliyemzaa naye mtoto alikuwa amekaa upande wa wanaume. Ila miaka ile kabla ya kusimama ilikuwa mirefu zaidi. Hakuna aliyekuja kwangu. Jumuiya ilipokuwa zamu ya nyumba yangu, walipanga kwa jirani. Michango tu ndiyo iliyonifikia. Bahasha zilikuja na nilitoa. Mzee wa mtaa alinikumbuka Kwaresma ya mwisho ilipokuwa inakaribia kwisha, akaniuliza kama niko tayari "kutengeneza", yaani kutubu mbele ya usharika. Mkibishana juu ya siku ile moja tu ya ibada, hamtakuwa mmemgusa mtu kama mimi.

Kuhusu mnong'ono: mzee wangu, kwangu haukuisha.

MTOA HOJA

Ahsante sana mama. Umenisahihisha mahali ambapo sikuwa nimeangalia. Nilitazama madhabahu tu, na wewe umetuonyesha nyumba.

Mzee wangu, shikamoo. Nianze na Timotheo. Rudi mstari mmoja nyuma, wa 19: Paulo anazungumzia mashtaka juu ya mzee wa kanisa, yasipokelewe bila mashahidi wawili au watatu. Wanaokemewa mbele ya wote katika mstari wa 20 ni viongozi, tena wanaodumu katika dhambi. Ni ajabu kwamba mstari huu tumeuelekeza kwa binti wa miaka kumi na tisa na kuwaacha wale ulioandikwa kwa ajili yao.

Mahubiri ya Machi 1522 ni kweli kabisa, nakupa haki yako. Lakini utaratibu wa Mathayo alioutamani Luther una hatua zake, na kanisa linaitwa baada ya mtu kukataa. Tena siku hiyohiyo alisema maungamo ya faragha hataruhusu mtu ayachukue kwake, hata kwa hazina ya dunia nzima, kwa sababu yalimtia nguvu alipopigana na shetani. Akaongeza kwamba hakuna wa kulazimishwa.

Nawe umesema jambo zito kuhusu usharika kusikia. Basi na usikie, ila kwa njia nyingine. Alhamisi Kuu usharika wote upige magoti kwa ungamo la pamoja, mchungaji na wazee wakiwemo, na wanaorudi wawe humo katikati ya ndugu zao. Ondoleo litangazwe kwa wote. Majina ya waliopokelewa yanaweza kutangazwa wiki iliyotangulia kama habari njema, bila kosa kutajwa.

La mama tulianzie mbali zaidi. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, katika kanuni ya 5, uliagiza maaskofu wa kila jimbo wakutane mara mbili kwa mwaka, mara moja kabla ya Kwaresma, wachunguze kama yupo aliyetengwa kwa chuki au ugomvi, ili uchungu wote uondolewe na sadaka safi itolewe kwa Mungu. Baraza letu la wazee lingeweza kufanya vivyo hivyo kabla ya Jumatano ya Majivu, Kwaresma inapoanza: kupitia kila jina lililozuiwa, kuuliza kwa nini, na kwa nani mwingine tulipaswa kwenda tukaacha. Kisha wazee wawili wawili wawatembelee, pamoja na wanaume ambao hawakuguswa.

MZEE WA KANISA

Marahaba, mwanangu. Marahaba mama, na pole. Mzee wa mtaa alikukosea.

La wanaume nakubali bila ubishi, na la kupitia majina kabla ya Kwaresma nitalipeleka barazani, ingawa najua nani watapinga. Ungamo la pamoja Alhamisi Kuu tunalo tayari, halina shida. Panaponikwamisha ni yule anayerudi baada ya kusababisha mgogoro ulioligawa kanisa, au kiongozi aliyekula sadaka. Huyo naye arudi kwa ungamo la pamoja tu, na waliodhulumiwa wakae kimya? Hapo naomba mnijibu kabla sijaandika agenda.