Mrejesho: mkono wa kupimia uliokuwa ukisoma tundu kubwa kuliko lilivyo

Wakuu, tatizo limeisha. Niliuliza kwa nini mkono wetu wa kupimia (mashine yenye viungo, inayopima kitu kwa kukigusa kwa ncha yenye gololi) unasoma tundu la milimita 20 kuwa 20.08 wakati maikromita ya ndani (kifaa cha kupimia kipenyo cha tundu) inatoa 20.00. Aliyesema nipime pia shafti (chuma cha mviringo) kwa nje Mungu ambariki: shafti ilisomeka ndogo kwa kiasi kilekile. Tundu likizidi na shafti ikapungua, kasoro iko kwenye ncha: gololi inarudi nyuma kidogo kila inapogusa, ndani au nje. Kama kitako cha mkono kingekuwa kinatikisika, vipimo vingeyumba ovyo kila ukirudia. Kweli, ncha ilikuwa imelegea kwenye uzi wake; ukiisukuma kwa kidole, gololi inacheza kidogo sana, macho hayaoni. Nimeikaza kwa spana yake, nikafanya kalibresheni (kuurekebisha mkono usome sawa) upya, nikahakiki kwa ringi ya kipimo (ringi ambayo kipenyo chake kinajulikana kwa uhakika). Tundu sasa linasoma 20.01. Nafurahi sana hatukufungua viungo vya mkono.