Radi ya Wakelti: nani aliyehamisha herufi?

Wakuu, leo naleta la mbali kidogo: neno la radi katika lugha za Wakelti, watu wa kale wa Ulaya magharibi. Kiwelisi, lugha ya Wales, radi ni taran. Kiayalandi cha kale ni torann. Huko Gaul, yaani Ufaransa ya zamani, kulikuwa na mungu Taranis, ambaye mshairi Mrumi Lucan alimtaja karne ya 1. Kutokana na hayo wanaisimu wameunda neno mama *toranos. Ile nyota ni kukiri kwamba hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa.

Hapo sina ugomvi. Tatizo ni hatua inayofuata. Kilatini kunguruma ni tonare, na Wajerumani radi wanaiita Donner. Kote huko n inatangulia, na katika Donner r hufuata baadaye. Mkelti kageuza. Wengi wanasema neno la awali lilikuwa *tonaros, kisha sauti mbili zikabadilishana viti. Wengine wanakataa, wanalipeleka kwa Tarhunna, mungu wa tufani wa Wahiti, watu wa kale wa Anatolia (Uturuki ya leo), ambaye jina lake linatokana na kitenzi cha kushinda.

Mimi niko na wa viti, na shahidi wangu ni jiwe. Madhabahu ya Chester, Uingereza, iliyowekwa mwaka 154 na askari wa Kirumi, inamtaja Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, kwa jina la Tanarus. N bado imekaa mahali pake! Mnasemaje?

— Mkuu, jiwe moja tu? Limefukuliwa 1653, na herufi zake zimelika. Mchongaji akikosea herufi mbili, wewe unajenga historia ya lugha nzima. Halafu sisi wenyewe tunasema ngurumo, ukitamka tu umeshaisikia. Kwa nini Mkelti naye asiige mlio wake mwenyewe?

— Kama alikosea, basi kakosea kwa bahati ya ajabu, akaangukia mpangilio uleule wa Donner. Hoja ya mlio naiogopa zaidi, maana hata mzizi wa tonare unaweza kuwa ulianza hivyohivyo. Ila mlio haunielezi kwa nini Mwelisi ana a pale Mwayalandi ana o.

— Kwani wewe umelieleza hilo?

— Wapo wanaosema a ya pili iliivuta ya kwanza ifanane nayo. Taran, Taranis, sawa. Lakini mbona Mwayalandi hakuvutwa? Hapo mkuu umenibana.