Tupeane uzoefu: laini za simu za supamaketi

Mpwapwa_Leicester: Wakuu, heshima kwenu. Jana nimeingia supamaketi kununua mkate na maziwa, nimetoka na laini ya simu. Zinaning'inia pale pale kwa keshia, kati ya bigijii na betri. Mke wangu kanicheka, eti siku hizi hata muuza nyanya ana mtandao. Mimi nilifika Uingereza 2004, supamaketi ya Tesco ina mwaka mmoja tu kwenye biashara hiyo, na tulikuwa tunaziita laini za waliofulia. Waliohamia huko, waliojuta, karibuni.

Shemeji_Köln: Huku Ujerumani usiseme waliofulia. Supamaketi ya Aldi wameanza 2005, na daktari wangu mwenyewe anayo. Wakati ule walikuwa juu ya mtandao wa E-Plus. Telefónica, wenye mtandao wa O2, walipoinunua E-Plus 2014, watu wakaja kujikuta wako O2, na laini ni ile ile.

Kilimani254: Niko na ya duka mwaka wa sita sasa. Sina malalamiko.

Kijana_Gerezani: Tesco ndio wenye mtandao mzuri, kwa sababu maduka yao yako kila kona, na kila duka lina mnara juu.

Mzee Antena: Mnara gani mdogo wangu? Tesco wanapita kwenye minara ya O2, na kampuni yenyewe waliianzisha kwa ubia, nusu kwa nusu. Ni kama dereva wa daladala: gari la tajiri, yeye anapiga debe na kupeleka hesabu. Faida Tesco wanaipata kwenye kadi ya pointi. Ukishajaza vocha kwao, unga na sabuni utanunua wapi?

Kijana_Gerezani: Mbona nikiwa ndani ya duka inashika vizuri kuliko nyumbani?

Mzee Antena: Umeunganisha waifai ya duka.

Kilimani254: 😂😂

Binti Chumbageni: Mmenitonesha. Agosti 2018, wikiendi ile ndefu, Jumatatu yake ni sikukuu, nilihamishia namba yangu kwenye laini ya duka moja hivi, jina nalihifadhi. Ijumaa laini ya zamani ikazima, nikachomeka mpya. Simu ikagoma kabisa kuisoma. Jumamosi nikarudi dukani, yule binti wa kaunta ananiambia sisi tunauza tu, piga huduma kwa wateja. Nipige kwa nini, kwa kiatu?

Nikaingia shifti zangu za kulea wazee, mbili mfululizo, nikasema potelea mbali. Sasa mama yangu yuko Tanga, ana kitochi. Kila Jumapili ananibipu mara mbili, mimi nampigia. Siku hiyo kabipu, simu ikapokelewa. Na Mzungu! Mwanamke, anaongea taratibu, sauti ya huzuni. Ilikuwa ile sauti ya kukwambia uache ujumbe, lakini mama atajulia wapi? Kapiga tena, Mzungu yule yule, maneno yale yale. Mama akaweka simu chini akasema, "Huyu ni nesi. Mwanangu hayupo."

Jumatatu nikapita kwa kinyozi Mghana karibu na ninapokaa, nakaribia kulia. Akachukua pini ya nywele, akaichomoa laini, akaitia kwenye kitochi chake kilichofungwa na rababendi. Ikasoma papo hapo! "Sister, simu yako imefungwa, inakubali mtandao wa kwanza tu." Zikaingia jumbe saba za sauti. Ya mwisho mama anamwomba nesi kwa Kiswahili anisitiri vizuri. Nikapiga nyumbani. Mama kusikia sauti yangu akapiga ukelele, simu ikaanguka, akaiokota mjomba: "Wewe nani?" Kwa nyuma nasikia watu wengi. Majamvi yalishatandikwa, jirani kaleta masufuria.

Shemeji_Köln: Nimecheka ndani ya tramu mpaka mtu kahama kiti.

Kijana_Gerezani: Si ungempigia ndugu mwingine kwa WhatsApp ya waifai? Mbona rahisi?

Binti Chumbageni: Kwani nilijua natafutwa? Geuza wazee usiku kucha halafu uje uniambie rahisi.

Kilimani254: Kwetu hawakuwa supamaketi, ilikuwa benki. Equity ilipata leseni 2014, ikaleta Equitel juu ya mtandao wa Airtel. Kulikuwa na laini nyembamba kama karatasi, unaibandika juu ya ile nyingine. Safaricom wakapinga wakisema si salama, mambo yakafika hadi bungeni.

Kijana_Gerezani: Mada ni supamaketi. Benki mfungulieni uzi wake.

Mzee Antena: Mwacheni, jambo ni lile lile, kupanga kwenye nyumba ya mtu. Na nyumba ya kupanga unaweza kuambiwa uhame. Supamaketi ya Sainsbury's waliingia 2013 na mtandao wa Vodafone, hawakuafikiana mbele ya safari, mapema 2016 wakafunga. Binti, siku hizi ni nafuu: tangu Desemba 2021 makampuni ya Uingereza hayaruhusiwi kuuza simu iliyofungwa. Kuhama unatuma neno PAC kwenda 65075, bure, unapewa namba ya siri inayodumu siku 30. Kuhamishwa ni siku moja ya kazi, kwa hiyo usianze Ijumaa.

Shemeji_Köln: Mimi nasema namba usiihamishe milele. Nunua simu ya laini mbili, yaishe.

Kilimani254: Laini mbili ni bili mbili. Hama tu.

Mama Zubeda: Mnaongea laini, mimi nataka kujua ile pilau ya msiba ililiwa na nani. Na kinyozi je?

Binti Chumbageni: Pilau ililiwa, wakaiita shukurani. Kinyozi ana mke na watoto wanne, tulieni. Ila mama kila Jumapili lazima aulize, "Yule aliyekufufua hajambo?"

Mpwapwa_Leicester: Jamani, simu yangu ya 2017 na hii laini bado iko kwenye kikaratasi chake. Nifanyeje?

Mzee Antena: Chomeka kwanza ya mkeo humo uone kama itasoma.