Hedifoni za kuchomeka: sikio linauma, besi nayo haipo

MgagaaUpwa

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa hedifoni za waya za kuchomeka sikioni. Nilizonazo nusu saa ya kwanza ziko poa, baada ya hapo la kushoto linauma pale mlangoni, na ya kulia inateleza nikitafuna. Muziki wenyewe mwembamba, besi kama imehama. Kazi ni kuhariri mahojiano saa tatu hadi nne kwa siku, jioni taarab na dansi. Simu haina tundu la hedifoni la mm 3.5, ni USB-C tu. Bajeti dola 50, kila kitu humo humo. Na dukani nitajuaje kwamba hii itanikaa?

FundiBesi

Mkuu, hayo unayoyaona matatizo matatu ni moja: mipira, yaani vile vifuniko laini vinavyoingia sikioni. Besi ya hedifoni hizi inategemea sikio kuzibwa. Spika iliyomo ndani ina kipenyo cha mm 10 hivi, mara nyingine chini ya hapo. Nguvu yake yote ni kusukuma kile kihewa kilichofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Ukibaki upenyo mwembamba kama unywele, besi inatokea hapo hapo na zinabaki sauti za juu peke yake. Halafu mtu anasema hedifoni mbovu.

Kwa maelezo yako, kulia mpira ni mdogo, kushoto ni mkubwa. Masikio ya mtu mmoja kutolingana ni kawaida kabisa, kwa hiyo vaa saizi M (ya kati) kulia na S (ndogo) kushoto bila wasiwasi.

Kabla hujatoa hela, jaribu hivi. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, shika ncha ya sikio, livute juu na nyuma ili mfereji unyooke. Chomeka huku ukizungusha kidogo, kisha achia sikio. Piga wimbo ambao gitaa la besi linasikika waziwazi, halafu bonyeza hedifoni ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, hapakuwa pameziba: panda saizi au ingiza zaidi. Isipobadilika, hapo umeziba. Mwisho fungua mdomo kama unapiga mwayo. Besi ikikatika taya likishuka, mpira huo hautakufaa hata kama mdomo ukifungwa unasikika vizuri, kwa sababu mfereji hubadilika umbo taya likitembea. Ndicho kinachoisukuma ya kulia itoke unapotafuna.

Maumivu nayo yana anwani. Yakiwa mlangoni, ni mpira mkubwa au ganda (mwili wa hedifoni) linaegemea gegedu. Yakiwa ndani, umezamisha mno: sehemu ya nje ya mfereji ina gegedu na inavumilia, ya ndani ni mfupa uliofunikwa ngozi nyembamba, haitaki kuguswa. Ukiona unakohoa kila ukichomeka, usishangae, kuna neva inayopita ukutani mwa mfereji ndiyo inayochokozwa. Tumia mpira mfupi zaidi.

BintiSauti

Sawa kwa mipira, ila FundiBesi umelipita ganda haraka. Kuna hedifoni ambazo hata mpira wa SS, mdogo kuliko S, hauziokoi, kwa kuwa shingo yake (kile kibomba kinachobeba mpira) ni nene yenyewe. Mpira unatanuka juu ya shingo, kwa hiyo S ya hedifoni moja inaweza kubana kuliko M ya nyingine. Hedifoni ya Truthear Zero: RED inasifiwa sana kwa sauti, na inastahili, lakini shingo yake ni nene. Mwenye sikio dogo asiinunue bila kujaribu.

Kwa kazi ya ndugu yetu naona mbili. Final E3000 ina ganda la chuma jembamba, dogo, halifiki kuegemea sikio, na sandukuni mna mipira ya saizi tano, SS mpaka LL. Spika yake mm 6.4. Udhaifu wake: waya hautoki, ukikatika pale unapoingia kwenye ganda ndiyo basi. Pia inataka kuongezewa sauti kidogo kuliko nyingi. Ya pili ni Moondrop Chu II, karibu dola 20, na waya wake ni wa pini mbili za mm 0.78, unachomoka na kubadilishwa. Waya huu unapita juu ya sikio, hivyo ule mshindo wa waya kugusa shati unapungua sana. Ukiwa na miwani, vaa hedifoni kwanza, miwani baadaye, la sivyo waya na mkono wa miwani vitagombania mahali pamoja.

Kwa kuhariri sauti za watu ningechukua Chu II. E3000 ni laini, tamu kwa taarab, lakini ule ulaini unaweza kukuficha kasoro za "s" na "sh" za msemaji.

Kidude_USB

Msisahau adapta. Simu isiyo na tundu inahitaji adapta ya USB-C yenye chipu ya kugeuza sauti ndani yake. Zile za bei ya karanga nyingi hazina, zinategemea simu itoe sauti yenyewe, na simu nyingi hazitoi: unachomeka, kimya. Adapta ya Apple ni nzuri na ndogo, ila kwenye Android nyingi sauti inakuwa chini, kwa hiyo usiioanishe na E3000.

Jambo jingine la dukani: ukisikia ala zipo lakini mwimbaji ametoweka, au anasikika kama yumo mtungini, usikatae hedifoni bado. Sukuma pini ya mm 3.5 mpaka iingie yote tunduni. Pini isipofika mwisho, waya wa ardhi haugusi, unasikia tofauti ya kushoto na kulia tu, na sauti iliyo katikati inafutika.

MgagaaUpwa

Nashukuruni wakuu. Nimejaribu ile ya kubonyeza: kulia besi inaongezeka, kushoto haibadiliki ila panauma. Je, mipira ya sponji badala ya silikoni?

FundiBesi

Jibu lako hilo hapo, mkuu: kulia panda, kushoto shuka. Sponji inaziba vizuri na haisukumi ukuta kwa nguvu. Ifinye kwa vidole mpaka iwe nyembamba, chomeka haraka, ishikilie sekunde 30 ivimbe. Ila inapunguza sauti za juu kidogo na inachakaa, ukiivaa kila siku utabadilisha baada ya miezi michache.

BintiSauti

Mimi kwa kuhariri nasema silikoni. Sponji inanyonya jasho na nta, haiosheki vizuri. Silikoni unaivua, unaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, inakauka, kazi inaendelea.

Saa ulizotaja nazo ni nyingi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikipanda muda unagawanywa kwa mbili: 83 ni saa 20 tu. Ukishaziba vizuri kelele za nje zinapungua, shusha sauti.

Kidude_USB

Na siku upande mmoja ukififia, badilisha hedifoni masikio, ya kushoto ivae kulia. Ufifi ukihama nayo, angalia wavu wa shingo, mara nyingi ni nta. Vua mpira, elekeza shingo chini, sugua kwa mswaki mkavu. Usidondoshe spiriti, inabeba nta mpaka kwenye spika. Ufifi ukibaki sikio lile lile, kamwone daktari wa masikio, hedifoni haina kosa.